Sura ya Tisa: Vivuli vya Alhamisi

Kila baada ya saa tatu bibi mmoja alifika kituo cha polisi cha Arua na mjukuu mgongoni. Alimkabidhi mtoto kwa askari wa zamu, askari akampeleka mahabusu kama mtu anayepeleka barua, mama yake akamnyonyesha ameegemea ukuta, kisha bibi akamfunga tena mgongoni na kurudi Ombaci kwa bodaboda. Mtoto alikuwa na miezi mitano na alikuwa ameikataa chupa katakata. Hakujua kwamba mama yake anatuhumiwa kuua watu kumi na mmoja.

Inspekta Medina aliijua ratiba hiyo kuliko alivyoijua ya kwake. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Daniella alikamatwa Jumanne saa nne asubuhi, na sheria inawapa polisi saa arobaini na nane tu za kukaa na mtu bila kumfikisha mahakamani. Kesho saa nne, hakimu angemsomea mashtaka ya kusababisha vifo kwa uzembe. Baada ya hapo ni gereza, miezi mingapi Mungu ndiye ajuaye, na bibi hataruhusiwa kupita getini kila baada ya saa tatu.

Kesi yenyewe hata mtoto wa shule angeielewa, na hilo ndilo lililomkera Medina. Alhamisi iliyopita, mto Kaya ulifurika. Mzee mmoja wa Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini, aitwaye Wani, ambaye kazi yake ni kusoma kipimo cha maji mara mbili kwa siku, alituma habari kwa simu: maji yamefika mita tatu na robo. Simu yake iliandika saa tisa na dakika tano alasiri. Habari ilikwenda Arua, kwenye Kituo cha Utabiri wa Mafuriko, alikokuwa zamu Daniella. Mitambo ikaanza kupiga hesabu saa kumi na dakika sita. Onyo likatumwa kwa simu za wanavijiji saa kumi na dakika arobaini. Lakini kwenye kivuko kilicho chini zaidi mtoni, saa kumi na dakika ishirini, maji yalikuwa yameshawabeba watu waliokuwa wanatoka sokoni. Mmoja wao alikuwa Peace, binti wa mzee Wani mwenyewe. Onyo liliingia kwenye simu yake ikiwa matopeni.

Kutoka saa tisa na dakika tano hadi saa kumi na dakika sita ni saa nzima. Watu wa Koboko, wilaya ya waliokufa, walitaka kujua Daniella aliifanyia nini saa hiyo. Walikuwa wameshavunja madirisha ya nyumba ya mama yake kule Ombaci kwa mawe wakati wakisubiri jibu.

Medina akavuta kiti karibu na nondo.

"Ulitoka kwenye meza yako," alisema.

"Sikutoka, afande."

"Mlinzi wa geti alikuona. Saa tisa na nusu."

Daniella alimtazama mtoto aliyekuwa ananyonya, macho yakajaa machozi. "Mama alimleta huyu getini. Nilimnyonyesha dakika kumi na mbili, nikarudi. Sisi iko na sheria: mutu wa zamu hapana toka kwa meza. Ndiyo maana nilidanganya."

"Siku mbili unanidanganya, na mimi ndiye pekee hapa ninayekusikiliza."

"Nisamehe."

"Ujumbe wa hatari ukiingia, kuna kengele?"

"Iko. Inalia mpaka barabarani. Ililia saa kumi na dakika tano. Nilikuwa nimerudi kitambo, afande. Nilianzisha hesabu hapo hapo."

"Mlinzi hakuisikia."

"Jenereta iko karibu na kibanda chake. Huyo hata radi hasikii."

"Na kumbukumbu ya kompyuta inayoonyesha saa ya kupokea ujumbe? Mkurugenzi wako anasema umeifuta."

"Umeme ulikatika ile usiku, betri ilikuwa imekufa. Tangu mwezi wa tatu tunaomba betri." Daniella akainua uso. "Afande, wewe unaniamini?"

Medina alikirudisha kiti ukutani. Alikuwa amezoea kuulizwa swali hilo na wezi.

Mkuu wake alikutana naye kwenye ukumbi, hati ya mashtaka mkononi, imeshapigwa chapa. "Amekiri kutoka?" aliuliza. Medina akasema amekiri. "Basi tumemaliza," mkuu akasema, akaenda zake kunywa chai. Kwa haki, ushahidi ulikuwa upande wake. Medina alikuwa na mdomo wa mtuhumiwa tu, tena mdomo ulioshikwa ukisema uongo.

*

Kituo cha Utabiri kilikuwa nyumba ya kawaida yenye bati la kijani, ila chumba cha nyuma kilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Humo mitambo minane ilisimama kama makabati ya shule, inavuma na kumetameta. Moris, fundi aliyekuwa kwenye mazishi ya shangazi yake siku ya mafuriko na ambaye tangu hapo hakuwa amelala vizuri, alimletea Medina koti.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Medina alisema.

"Mama yangu ni mwalimu wa hesabu, madam."

"Basi kama unamweleza mama yangu."

Moris akajaribu. Kila robo saa setilaiti inapiga picha mawingu kuanzia Kongo mpaka Sudani Kusini. Udongo nao unapimwa unyevu kutoka huko huko juu. Kisha kuna wasomaji sitini, watu wenye miguu na simu, wanaoshuka mtoni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kupiga picha nguzo ya kipimo. Yote yanaingia humu, namba milioni mia nne kwa siku. Maji yakipanda, mitambo inasaga kwa dakika thelathini na nne, inatema jibu: mto fulani utafika mahali fulani saa fulani.

"Na saa ya ujumbe inatoka wapi?"

"Kwa simu ya msomaji."

"Nyinyi hamweki yenu?"

"Ilikuwa kwa ile kumbukumbu iliyopotea."

Medina akamwomba picha zote za mzee Wani za mwaka huu. Zilikuwa zaidi ya mia tatu. Moris alizipanga kwenye kioo, za asubuhi kushoto, za alasiri kulia, na Medina akaanza kuzipitia moja moja kwa ukaidi wa mtu asiyejua anatafuta nini. Nguzo yenye namba, maji, ngazi za saruji zinazoshuka mtoni. Nguzo, maji, ngazi. Nje bibi alikuwa tayari yuko njiani na mtoto kwa mara nyingine. Baada ya picha ya mia na kitu, Medina aliona macho yake yameacha kutazama nguzo. Yalikuwa yanatazama chini yake.

"Hiki kivuli," alisema.

"Kivuli gani?"

"Cha nguzo. Hapa saa tisa, kimeishia ngazi ya tatu. Hapa pia saa tisa, ngazi ya tatu. Hii vipi?"

Moris akasogea. Kwenye picha ile kivuli kilikuwa kirefu zaidi. Kilishuka mpaka ngazi ya tano. Juu yake simu ilikuwa imeandika saa tisa na dakika mbili.

"Ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Vuta Alhamisi nyingine."

Ngazi ya tano. Nyingine, ngazi ya tano. Moris akawa anavuta kabla hajaambiwa. Za asubuhi zilikuwa sawa siku zote. Za alasiri zilikuwa sawa Jumatatu hadi Jumatano na Ijumaa hadi Jumapili. Alhamisi tu, Alhamisi ishirini na tatu mfululizo, isipokuwa zile za mawingu, jua lilikuwa limeshuka kuliko saa iliyoandikwa. Moris akachukua rula, akapima kivuli na urefu wa nguzo, akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu.

"Saa moja," alisema. "Hizi picha zimepigwa saa kumi, madam. Si saa tisa."

"Kompyuta ya milioni mia nne haikuona?"

"Inasoma namba kwa nguzo tu. Kivuli hapana soma." Akafungua jedwali jingine, na Medina akamwona akibadilika rangi. Pembeni mwa kila kipimo cha Alhamisi alasiri mitambo ilikuwa imeandika neno moja: shaka. "Iliona, madam. Iliona kwamba maji yake haiendani na mvua ya setilaiti. Kila Alhamisi iliona."

"Na mlimwambia nani?"

"Kila siku inaandika shaka elfu tatu. Nani atasoma?"

Medina alitamani kumpiga kofi mtu, ila hakujua amchague nani. Alitoka nje akampigia mwendesha mashtaka. Mwanamke yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba Alhamisi ya mafuriko ilikuwa ya mawingu, picha yake haina kivuli, na yeye hawezi kwenda mbele ya hakimu na vivuli vya siku nyingine. "Niletee maneno ya huyo mzee kwa maandishi, na saini yake. Nipate saa tatu na nusu, nibaki na nusu saa ya kuandika. Ikipita hapo, Medina, sina la kufanya."

Medina alishajua atamkuta mzee wa namna gani. Mwongo. Mtu aliyechelewa kazini Alhamisi zote, akajifunza kurudisha nyuma saa ya simu ili asikatwe mshahara, na sasa anamwacha mama wa mtoto afungwe kwa ajili ya kosa lake. Alilala na hasira hiyo na akaamka nayo.

*

Alitoka Arua alfajiri. Saa moja na nusu alikuwa ameipita Koboko na kufika Oraba, ambako malori yalikuwa yameshajipanga kuelekea daraja, na upande wa pili nyumba za mji wa Kaya, Sudani Kusini, zilionekana katika manyunyu. Kabla ya kumtafuta Wani alitaka kwanza kujua mahali mzee anaposhinda Alhamisi. Alielekezwa banda la bati karibu na forodha, ambako wapakuzi hukaa kusubiri mizigo. Kijana mmoja aitwaye Sule alikuwa na meza yake hapo ya kubadilisha pesa.

"Mzee Wani? Anapakua hapa kila Alhamisi," Sule alisema. "Ile siku lori iko mingi. Tangu mwezi wa kwanza. Sasa hakuja, iko matanga."

"Anakuja saa ngapi, anaondoka saa ngapi?"

"Anakuja akitoka mtoni asubuhi. Anaondoka simu yake ikilia. Mutu wa simu sana, yule. Ikilia tu, anaacha hata gunia kwa bega ya mwenzake."

Medina akatoa simu yake aandike. Akaitazama, akaitazama tena, kisha akageuza mkono kutazama saa yake ya mkononi. Ya mkononi ilisema saa mbili kasoro dakika kumi. Simu ilisema saa moja kasoro dakika kumi.

Sule akacheka. "Wewe ni mugeni, dada. Hapa simu inakwenda Sudani bila pasi. Mnara mupya wa Kaya iko na nguvu, unashika simu yako, unakupa saa ya kule. Kule iko nyuma saa moja. Ikishashikwa hapa, hata ukishuka mtoni inabaki ya kule. Ukipanda juu kupita forodha, ndiyo inarudi Uganda. Sisi wa pesa tunavaa saa ya mukono, bila hiyo tungefilisika."

"Wapakuzi wanajua?"

"Mwenye kujua anajua. Yule mzee hapana uliza mutu kitu. Anasema simu yake ni ya serikali."

Medina alisimama pale na simu mkononi huku manyunyu yakimlowesha kichwa. Hasira aliyotoka nayo Arua ilimwishia yote, na alichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi. Hakukuwa na mwongo. Kulikuwa na mzee mwaminifu, na sasa ilimpasa kwenda kumwambia.

*

Kwa Wani, mikeka ya matanga ilikuwa bado imetandikwa. Nora, mke wake, alikaa katikati ya wanawake akiwa amenyoa nywele, redio ndogo ikisema pembeni. Alikuwa anasubiri habari za mahakamani kama wote. Mzee alikuwa ameshuka mtoni. Medina akamkuta kwenye ngazi za saruji, mwembamba, amevaa koti la mvua lililoandikwa jina la Kituo.

"Umekuja kuniambia amefungwa?" Wani aliuliza.

"Bado, mzee. Nimekuja kuandika maelezo yako."

"Andika. Afungwe. Mimi nilituma. Saa tisa na dakika tano nilituma, simu ni shahidi. Yeye alilalia ujumbe. Peace iko chini ya udongo, yeye ananyonyesha mtoto."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Medina angeweza kumwuliza maswali matatu makavu, akamsainisha, akaondoka bila mzee kuelewa alichosaini. Njia nzima kutoka bandani alikuwa amejishauri kufanya hivyo. Alipomwona anafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, akashindwa.

"Alhamisi ile ulikuwa wapi kabla ya kusoma?"

"Kwa banda. Napakua."

"Ulijuaje kwamba saa tisa imefika?"

"Simu ililia. Walitufundisha kwa semina, Arua. Usitazame jua, usitazame saa ya mukono, usikisie. Simu ndiyo saa. Ukisoma mbele ya wakati, hesabu inaharibika." Alilisema kama mtoto anayesoma somo alilolishika vizuri. "Miaka miwili, hapana siku moja mimi nilichelewa."

"Kabla haijalia, ulisikia kitu chochote mtoni?"

Wani akageuka kutazama mto. Maji yalikuwa yanapita taratibu, mekundu, hata goti hayafiki.

"Nilisikia," alisema. "Kelele, kama lori kubwa inapanda mulima. Nikatoa simu. Ikasema saa nane na dakika mbili. Nikasema bado. Nikakaa."

Medina akavua saa yake ya mkononi, akaishika. "Twende bandani, mzee. Uchukue simu yako."

Walikwenda kwa haraka. Chini ya bati Wani aliweka simu yake juu ya meza ya Sule, na Medina akaweka saa yake kando. Walisubiri. Kioo kikapepesa. Saa ya Medina ilisema saa tatu kasoro dakika kumi. Simu, iliyokuwa inakwenda sawa na saa hiyo walipotoka mtoni, ikaruka nyuma mpaka saa mbili kasoro dakika kumi. Sule akaacha kuhesabu noti zake.

Wani akainamia meza. Akainua mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, akianza upya mara mbili.

"Kengele ilipolia," alisema, "ilikuwa saa kumi."

"Ndiyo, mzee."

"Ile kelele. Ilikuwa saa tisa."

"Ndiyo."

"Kama ningeshuka ile wakati, nikatuma. Kompyuta inahesabu nusu saa. Ujumbe inafika..." Vidole vilisimama. "Peace ilikuwa bado sokoni."

Medina alikuwa na maneno tayari: kwamba kosa ni la semina, ni la mnara, ni la mitambo iliyoandika shaka na wasomi ambao hawakuisoma. Aliyasema yote. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Yule mama wa Arua," aliuliza, "mtoto wake ni mukubwa?"

"Miezi mitano."

"Andika."

Medina akaandika juu ya meza ya pesa, Sule akiwa shahidi. Alipofika mahali pa saa, Wani alimzuia, akataka aandike yote: kwamba alisikia maji, kwamba alitazama simu, kwamba alikaa. Medina akasema hilo la kusikia si lazima kwa kesi. Mzee akasema kwake ni lazima. Akasomewa maelezo mara mbili, akasaini jina lake kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Sasa inakwenda wapi?"

"Naipiga picha, naituma Arua. Itasomwa mahakamani leo leo."

"Redio itasema?"

"Waandishi wako mlangoni tangu asubuhi, mzee. Itasema."

Wani akageuka, akatazama juu mlimani, palipo nyumba yake na mikeka na wanawake na ile redio. Uso wake, uliokuwa mkavu tangu asubuhi, ukavunjika.

"Nora hapana sikia kwa redio," alisema. "Nimwambie mimi. Nakuomba, mama. Nipe saa moja tu."

Medina akatazama mkono wake. Saa tatu na dakika kumi. Huko Arua mtoto alikuwa tayari ameshapitishwa mlangoni kunyonya, labda kwa mara ya mwisho.

"Sina saa moja," alisema. "Nina dakika ishirini."

Mzee hakubishana. Aliiacha simu pale pale mezani, akavua koti la Kituo ili lisimzuie miguu, akaanza kukimbia kupanda mlima.